Rimu za Babu na kostiki ya Mama Mkubwa

Najua nimepotea, na kuna walioniandikia wakiuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo hapa hapa Mlimani, mwaka wa tatu umeanza na kichwa kinauma kama kawaida. Likizo yote nilikuwa nyumbani Kigoma, na nikiwa nyumbani mi huwa siandiki. Sasa watu wameona picha ya vidole vyangu wakauliza nilikuwa nalima muhogo au vipi. Hapana. Nilikuwa nang'arisha rimu nne za Benzi kwa mkono, na hadithi yake ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama una kipindi saa hii nenda kwanza utarudi.

Kwa msiojua, kwetu ni Buzebazeba, kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Ukitoka stesheni ya Kigoma, pale ambapo reli ya kati ilifika ziwani mwaka 1914 enzi za Mjerumani, unapanda kwenda Mwanga, halafu barabara inaendelea kushuka kuelekea Ujiji kule alikokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Sisi tupo upande huo. Watalii wanapita wakienda kuona kumbukumbu ya Livingstone na mwembe wake, hawajui kwamba kuna mwembe mwingine kwa Babu yangu wenye kitu kizuri zaidi chini yake. Ni Mercedes 240D, rangi ya maziwa, au tuseme ilikuwa ya maziwa.

Mabenzi ya bodi hiyo, wataalamu wanaita W123, yalianza kuuzwa 1976 na ya mwisho yakatoka kiwandani mwanzoni mwa 1986. Yalitengenezwa karibu milioni 2.7. Ndo yale ambayo mpaka leo ukienda Morocco au Afrika Magharibi bado unayakuta barabarani, injini ya dizeli inagonga gonga kama mashine ya kusaga lakini haifi. Babu alikuwa dereva wa shirika moja la umma. Shirika lilipokufa mali zikapigwa mnada, na Babu akanunua gari lile lile alilokuwa analiendesha kwa miaka yote. Anapenda kusema, "Bosi aliondoka, kiti nikahamia cha mbele nikiwa cha mbele." Usiniulize maana yake, huwa tunacheka tu.

Babu sasa ana miaka 81 na macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Gari hajaliendesha zaidi ya miaka minne. Anakaa kwenye kiti chake cha kamba chini ya mwembe, gari pembeni, na mtu akipita anamjua kwa hatua zake. Mi nikifika tu getini anasema, "Mume mwenzangu kaja, nyumba imeingia vita." Huo ni utani wetu tangu niko darasa la pili, manake Bibi alikuwa akinipa migebuka mikubwa kuliko yake.

Likizo hii nilikuta kikao kimeshakaa. Kumpeleka Babu kufanyiwa macho mkoa mwingine, nauli ya wawili, kulala, dawa, na jicho la pili baada ya muda, hesabu haikukaa vizuri. Mjomba akaja na mnunuzi. Ni mtu wa Dar anayekusanya magari ya zamani, aliona picha kwenye simu ya mtu, akataja bei. Bei yenyewe haikuwa mbaya. Ila aliuliza swali moja ambalo Mjomba alilisoma kwa sauti mara mbili akidhani limekosewa: "Rimu ni za Fuchs? Kama ni zenyewe na ni safi naongeza." Kiasi alichosema ataongeza kilikuwa kinatosha jicho la pili na chenji inabaki.

Mjomba akanigeukia. "Mjomba, we si ndo injinia?" Familia zetu mnazijua. Ukishasoma umekanika miaka miwili wewe ni fundi wa kila kitu, kuanzia pasi mpaka ndege.

Nikachuchumaa nikaangalia. Kwanza tope, halafu vumbi jekundu la kwetu, halafu weusi wa vumbi la breki uliokaa miaka. Nikavua moja, nikaigeuza, nikasugua mgongo wake kwa brashi. Muhuri ukatokea, Fuchs, na namba. Hizi rimu zimetengenezwa na kampuni ya Otto Fuchs ya Meinerzhagen, Ujerumani, ipo tangu 1910, na ndo hao hao waliotengeneza yale magurudumu ya Porsche 911 ambayo kila mpenda magari anayajua. Siri yao ni kwamba hazimiminwi kwenye kalibu kama sufuria. Bonge la alumini linapashwa moto halafu linakandamizwa na mtambo mpaka likubali umbo. Chuma kilichokandamizwa hivyo kinakuwa kigumu kuliko cha kumiminwa, kwa hiyo rimu inaweza kuwa nyembamba na nyepesi. Yetu niliiinua kwa mkono mmoja, haifiki kilo 8.

Siku mbili kabla sijafika, kumbe alipita kijana wa chuma chakavu na mzani wake akawaambia, "Hizi alumini, nazichukua kwa kilo, tena zote tano na ya akiba." Zingekuwa sufuria saa hizi. Sufuria nzuri, lakini sufuria.

Sasa tatizo. Ukisugua uchafu ukatoka, chini yake rimu haing'ai. Ina ukungu wa kijivu, mabaka meupe meupe kama ndimi za mvua kwenye kioo, na sehemu zingine bado zina kile king'aro cha kiwandani. Binamu yangu akaleta Brasso, ile ya kung'arishia vifungo vya mgambo, akasugua nusu saa. Hakuna kitu. Kitambaa hakikuwa hata cheusi. Na hapo ndo nikajua, manake alumini tupu ukiisugua na Brasso kitambaa kinakuwa cheusi tii dakika hiyo hiyo.

Alumini ikiguswa na hewa inajivika ngozi nyembamba mno ya oksidi, yenyewe bila kuombwa. Ngozi hiyo ndo inayoizuia isiliwe kama chuma kinavyoliwa na kutu. Watu wa viwandani wakasema, kama ngozi inasaidia basi tuinenepeshe. Wanaizamisha alumini kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji, wanaiunganisha upande wa chanya wa umeme, yaani inakuwa anodi, na umeme ukipita oksidi inakua juu yake mpaka unene wa maelfu ya ile ya asili. Mwisho wanaichemsha kwenye maji ili vitundu vyake vizibe. Ndo inaitwa anodaizi. Madirisha ya alumini ya rangi ya kahawia au dhahabu mnayoyaona kwenye nyumba za watu wenye hela, nyingi ni anodaizi hiyo, na migongo ya simu nyingi za bei mbaya pia.

Oksidi ya alumini ni ngumu kupita maelezo. Rubi ni oksidi ya alumini. Yakuti samawi ni oksidi ya alumini. Na chembe za msasa wa dukani mara nyingi ni hiyo hiyo. Kwa hiyo ukichukua msasa kusugua rimu yenye anodaizi unasugua msasa kwa msasa. Unaweza kushinda, ila utazeeka.

Kuhakikisha nilitumia mita yangu ya elfu kumi na tano ya Kariakoo. Oksidi haipitishi umeme, alumini inapitisha. Nikaweka ncha mbili juu ya uso wa rimu, kimya. Nikaziweka kwenye mkwaruzo mmoja wa zamani uliofika ndani, mita ikalia piii. Nikahamia kwenye mabaka meupe, ikawa inalia hapa hailii pale. Yaani ngozi imeliwa vipande vipande. Babu aliisikia ile piii akauliza, "Imesema nini?" Nikamwambia imesema ngozi imebaki nusu. "Kama mimi," akasema.

Swali nililokuwa najiuliza ni nani kaila. Kigoma hatuna bahari. Tanganyika ni maji baridi, chumvi ile inayomaliza magari ya Dar na Unguja kwetu haipo. Nikamuuliza Babu alikuwa anaosha gari na nini. Akajibu kwa fahari, "Sabuni ya Mama Mkubwa wako. Kila Jumamosi, miaka ishirini."

Basi bwana, hapa inabidi nimwelezee Mama Mkubwa. Ni dada yake mkubwa mama yangu, na anapika sabuni ya mawese tangu mi sijazaliwa. Kigoma mawese ni kama vile Tanga katani ilivyokuwa, kila nyumba ina kidumu. Sabuni inapikwa kwa mafuta na kostiki. Ukiipika ikaiva vizuri kostiki yote inaisha ndani ya mafuta, ukikosea kipimo kidogo au ukiiuza kabla haijakaa wiki zake, kostiki kidogo inabaki na mikono inawasha. Sasa anodaizi, pamoja na ugumu wake wote wa rubi, ina adui mmoja mkubwa: vitu vya jamii ya kostiki. Asidi nyepesi inavumilia, jua linavumilia, kostiki inaiyeyusha. Jumamosi elfu moja za sabuni ya mawese, ikikauka na jua kabla haijasuuzwa vizuri, ndo zile ndimi za mvua nilizoziona.

Nilimwambia Mama Mkubwa taratibu, kwa heshima zote, na shikamoo mbili. Mpaka leo hajanisamehe. "Sabuni yangu inaosha watoto wachanga," alisema, "itashindwaje na vyuma vya Mjerumani?" Lakini dawa nayo ilikuwa kwake, manake kama kostiki kidogo imeila nusu kwa miaka ishirini, kostiki ya kutosha itaimaliza yote kwa dakika. Wenye viwanda wanafanya hivyo hivyo wanapotaka kuvua anodaizi ya zamani.

Na hapa niwaambie, kuhusu kostiki mi digrii yangu niliiweka pembeni nikawa mwanafunzi wa Mama Mkubwa. Nilikuja na gramu 50 kwa lita moja kutoka kwenye vitabu. Yeye akaja na mambo ambayo vitabu huwa vinayaandika kwa herufi ndogo. Kostiki inamwagwa kwenye maji, kidogo kidogo, maji hayamwagwi kwenye kostiki hata siku moja, manake inachemka ghafla na kukurukia usoni. Ndoo ni ya plastiki. Sufuria ya alumini ni marufuku kabisa. Alitusimulia mwanafunzi wake mmoja aliyekoroga kostiki kwenye sufuria, ikaanza kutoa povu na mvuke, na alipoiinua kitako kikabaki chini. Ndo maana wapika sabuni wote mnaowaona wanatumia pipa la chuma. Glavu ndefu, shati la mikono mirefu, miwani, na ndoo mbili za maji safi pembeni kabla hujafungua mfuko. Ikikugusa ngozi inateleza kama sabuni, usifurahie, ni wewe ndo unageuka sabuni. Osha na maji mengi, uendelee kuosha hata ukidhani imeisha. Ikikuingia jichoni unaosha huku unakimbizwa hospitali. Watoto wote walifukuzwa uani mpaka kwa jirani.

Kingine, kostiki ikishamaliza oksidi inaanza kula alumini yenyewe na kutoa gesi ya hidrojeni, ile inayowaka. Mjomba alikuja na sigara yake akaambiwa akavutie Ujiji.

Tairi zilikuwa zimeshatolewa na fundi tairi wa Mwanga. Tukaanza na mgongo wa rimu moja, sehemu isiyoonekana, kipande kama kiganja. Unapaka na brashi ya nailoni. Mwanzo kimya, kama dakika mbili hivi. Halafu vipovu vidogo vidogo vinaanza, taratibu, kama soda iliyochacha. Vikishakuwa vingi na sawa sawa eneo lote, ngozi imekwisha na umefika kwenye nyama. Hapo unasuuza fasta, unasuuza tena, unasuuza tena. Kinachobaki ni ukungu wa kijivu ambao unatoka kwa brashi, na mwisho tulipitisha maji ya limau kuua kostiki iliyojificha kwenye kona. Mita nikaiweka: piii, piii, piii, kila mahali. Binamu akacheza.

Maji machafu tuliyachanganya na maji mengi na kuyamwaga kwenye shimo tulilolichimba mbali na kisima na mbali na migomba ya Bibi. Mtaro wetu unaishia ziwani na samaki tunaowala wanatoka huko huko.

Baada ya hapo ndo vidole vilipoanza kulia. Rimu iliyovuliwa anodaizi haing'ai, inakuwa ya kijivu butu kama sufuria mpya upande wa ndani. Ung'aro unatafutwa kwa msasa wa maji. Tulianza na namba 240 sehemu zenye mikwaruzo tu, halafu 400, 600, 1000, na kumalizia na 2000. Kila namba unasugua kwa mwelekeo unaokata ule wa kwanza, ili uone mistari ya namba iliyopita imeisha kabla hujahama. Ukiruka namba moja kwa uvivu, mistari utaikuta mwishoni inakuchekea, na inabidi urudi nyuma. Rimu hizi zina mashimo mengi pembeni na mikunjo, kwa hiyo drili yenye kitambaa inafika juu tu. Kwenye mashimo ni kidole kimefungwa msasa. Tulikadiria saa kumi kwa rimu moja, ikaja kuwa siku mbili. Mara nne.

Na hapa ndo Babu alipoingia kazini. Siku ya pili alisema mleteeni moja. Nikamwekea mapajani. Akaipitisha vidole, polepole, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye dagaa, akasimama mahali. "Hapa." Nikaangalia, sikuona kitu. Nikaigeuza kwenye jua, nikaona mstari mmoja wa 400 uliobaki, mwembamba kama unywele. Jamani. Mtu ambaye hanioni nikiwa mita mbili. Kuanzia hapo akawa mkaguzi mkuu, hakuna rimu iliyohamia namba nyingine bila kupita mapajani kwake. Alikuwa anaikataa kwa raha kabisa. "Rudisha. Mnunuzi wa Dar ana macho."

Jioni alikuwa anatusimulia safari za lile gari. Barabara ya Kasulu ikiwa tope tupu. Kulala njiani siku mbili na bosi ndani, wanakula embe. Nilikuwa nasikia hadithi ambazo sijawahi kuzisikia, na wakati huo huo mikono yangu ndo inaliandaa gari liondoke. Kadiri nilivyofanya kazi vizuri ndivyo lilivyokaribia kuuzwa. Kuna usiku mmoja niliwaza, hivi nikiiacha rimu moja na ukungu wake, bei ikashuka, mnunuzi akaghairi? Nilimwambia binamu. Akaniangalia, akasema, "Na jicho?" Tukalala.

Brasso ilifanya kazi yake mwishoni. Kitambaa cheusi, kingine cheusi, kingine kijivu, halafu ukaanza kuuona mwembe ndani ya rimu. Siongezi chumvi, majani yanahesabika.

Ila kung'arisha siyo mwisho. Alumini tupu iliyong'arishwa inajivika ile ngozi yake ya asili na baada ya muda inafifia. Nilitaka turudishe anodaizi nyumbani. Asidi ya betri ni salfa hiyo hiyo, risasi ipo kwenye betri mbovu, chaja ipo. Nikapiga hesabu kwenye daftari. Rimu ya inchi 14, mbele, nyuma, na pipa lake ndani na nje, inakaribia desimita za mraba 60. Kila desimita ya mraba inataka kama ampea moja na nusu. Hiyo ni ampea 90, kwa nusu saa au zaidi, na dimbwi la asidi unalotakiwa kulibakiza kwenye nyuzi joto 20 hivi huku umeme unalipasha. Chaja ya Mjomba ni ya ampea 10 na Kigoma hata maji ya mtungini hayafiki 20 mchana. Kwa kipande kidogo, kifuniko cha kati kwa mfano, inawezekana. Kwa rimu nzima, nyumbani, na watoto wale? Hapana. Hata huku Dar ingekuwa lazima uwe na mtambo wa watu wa madirisha na wakukubalie, na aloi yao siyo aloi yako.

Ilibaki kuchagua kati ya vanishi na nta. Vanishi ya gari inapendeza mwezi wa kwanza, lakini alumini iliyong'arishwa kama kioo ni laini mno, vanishi haipati pa kushika, jiwe moja likiipasua maji yanatambaa chini yake na unapata michirizi kama minyoo, na kuitoa ni kuanza upya. Nta inaisha haraka lakini unairudia kwa dakika kumi. Babu aliposikia tunabishana akatukumbusha Liemba. Mnajua Wajerumani walipoizamisha wenyewe ile meli mwaka 1916, waliipaka mashine girisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, mashine nzima, na 1927 ikarudi kazini kama Liemba. "Mtu mwenye akili anapaka mafuta," Babu akasema, kesi ikafungwa. Tulipaka nta ya gari, mara mbili, ndani na nje.

Kabla ya kurudisha, kuna kitu kidogo cha boliti ambacho wenye Benzi za zamani wakikijua watashukuru. Rimu ya alumini ni nene kuliko ya chuma pale inapofungwa, kwa hiyo boliti zake ni ndefu. Ukizitumia boliti hizo ndefu kwenye rimu ya chuma zinaingia ndani mno na kugonga vitu vya breki ya mkono. Na boliti fupi kwenye rimu ya alumini zinashika nyuzi chache, hapo ni kuomba Mungu. Mnunuzi aliuliza kama za asili zipo. Babu akanyoosha mkono chini ya kiti chake akatoa kopo la maziwa, boliti ishirini ndefu na ishirini fupi, zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Tulikaza kwa msalaba, siyo kwa kuzunguka, tukalisukuma gari uani mbele na nyuma, tukakaza tena.

Mjomba alipiga picha za rimu nne. Alipokuja kwenye ya tano, ile ya akiba, Babu akasema hiyo msiiguse. Mjomba akadhani mzee kachoka. "Baba, hii nayo wiki moja tu, vijana wapo." Babu akasema mnunuzi lazima aione ilivyokuwa, ajue za mbele zimevuliwa ngozi ya kiwandani na mikono ya wajukuu, na kwamba zinataka nta. Asije akaziosha na sabuni ya dada yenu halafu akasema tumemuuzia uongo. Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na beseni, akageuka akaingia ndani bila kusema neno, na chakula cha usiku kilichelewa.

Mjomba alituma picha tano, pamoja na ya ile ya tano, na maelezo ambayo mimi ndo niliyaandika: zimevuliwa anodaizi, zimeng'arishwa kwa mkono, zina nta tu. Niliogopa atashusha bei, manake kuna wakusanyaji wanaotaka ngozi ya kiwandani au basi. Alikaa siku tatu kimya. Siku hizo tatu nyumba nzima ilikuwa inaangalia simu ya Mjomba kama kuna matokeo ya form four.

Siku ya nne akajibu. Atalichukua, bei ile ile na nyongeza yake, ila anaomba ya tano aipewe hivyo hivyo ilivyo, hataki iguswe. Na anauliza hiyo nta ni ya aina gani.

Mi nilishapanda basi kurudi chuo wakati gari linaondoka. Binamu aliniambia kwa simu kwamba Babu alikaa kwenye kiti cha dereva kama robo saa, akawasha, akasikiliza injini, akamwambia dereva aliyetumwa asipandishe gia ya tatu kabla haijapata moto. Halafu akarudi kwenye kiti chake cha kamba. Sasa hivi chini ya mwembe kuna mraba usio na majani ambapo kuku wa Bibi wameshahamia, na jicho la kwanza ni wiki ijayo Alhamisi. Mjomba ndo anampeleka. Nikipata habari nitaandika.